Hi, Mom (2021): Komedi ya Mwaka Mpya wa Kichina iliyochekesha ukumbi mzima, halafu ikawatoa watu macho mekundu. Tuijadili

Mpenzi Mtazamaji (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani ukitaja muvi ya Kichina, akili za wengi zinaruka kwa mateke ya hewani, mzee wa ndevu nyeupe anayemnoa kijana mlimani, na DJ wa banda umiza anayetuhakikishia kwamba stelingi hafi. Tumekua nazo, sina ugomvi nazo. Lakini Mchina mwenyewe, ikifika sikukuu yake kubwa, anapeleka ukoo mzima ukumbini kuangalia vichekesho. Leo nashusha uzi wa mojawapo, Hi, Mom, iliyotoka tarehe 12 Februari 2021, siku ya kwanza ya Mwaka wa Ng'ombe. Iliingiza zaidi ya yuan bilioni 5.4 na kuuza tiketi zaidi ya milioni 120 hukohuko China. Wakati ule ni muvi moja tu iliyokuwa juu yake kwa mauzo ya China, Wolf Warrior 2, ile ya komandoo wa Kichina anayekuja kutuokoa Waafrika (uzi wa hiyo tutaufungua siku nyingine, nina maneno yangu).

Angalizo: nasimulia mpaka mwisho. Kama hujaiona na hutaki utamu uharibike, ishia hapa, kaitafute, urudi.

Msimu wenyewe kwanza, kwa faida ya wageni. Mwaka Mpya wa Kichina watu hurudi makwao, mamilioni kwa mamilioni, na nyumba hujaa kuanzia babu hadi kitukuu. Muvi ya siku hizo lazima bibi aielewe, mtoto asiogope, na shemeji asiyependa sinema asilale. Ndiyo maana vichekesho vinatawala. Hong Kong walikuwa na desturi hiyo zamani. China bara mambo yalichanganya Desemba 1997, Feng Xiaogang alipotoa The Dream Factory, stelingi Ge You, habari ya kampuni inayowatimizia watu ndoto zao kwa siku moja. Baadaye msimu ukasogea mbele, ukakita mizizi siku ya kwanza ya mwaka wao, na sasa kampuni za filamu zinapigana vikumbo kuipata tarehe hiyo.

Halafu ikaja 2020. Muvi saba zilikuwa zimeiva. Tarehe 23 Januari, siku mji wa Wuhan ulipofungwa kwa ajili ya korona, zote zikaondolewa. Mojawapo, Lost in Russia ya Xu Zheng, ambayo nayo ni komedi ya mtu na mama yake ndani ya treni ya kwenda Moscow, ikauzwa kwa ByteDance, wale wenye TikTok, kwa yuan milioni 630 na kurushwa bure mtandaoni sikukuu yenyewe. Wenye kumbi walikuja juu, wakasema wamesalitiwa. Kumbi zilikaa zimefungwa hadi Julai.

Kwa hiyo Februari 2021 watu wana kiu, na kila mtu anajua nani atashinda: Detective Chinatown 3, iliyosubiriwa tangu mwaka uliotangulia. Kweli, siku ya kwanza ilivuna zaidi ya yuan bilioni moja, Hi, Mom ikiwa mbali nyuma. Siku chache baadaye Hi, Mom ikaipita kwa mauzo ya siku na haikushikika tena. Watu walikuwa wanatoka ukumbini na kuwaambia wenzao kaione, basi.

Sasa muvi yenyewe.

Mwongozaji ni Jia Ling, ambaye pia ndiye stelingi. Kabla ya hapo hakuwahi kuongoza filamu. Ni mchekeshaji wa jukwaani, aliyesomea xiangsheng, ule uchekeshaji wa Kichina ambapo wawili wanasimama wakirushiana maneno. Mama yake, Li Huanying, alifariki kwa ajali mwaka 2001, Jia Ling akiwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuo cha sanaa za maigizo Beijing. Mwaka 2016 alikigeuza kisa hicho kuwa mchezo mfupi kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni, kisha akakaa nacho miaka kadhaa mpaka kikawa filamu. Kwenye bango la China jina la filamu ni salamu kwa Li Huanying, jina kamili la marehemu.

Anaigiza binti anayeitwa Jia Xiaoling, aliyemaliza shule juzi (Jia Ling mwenyewe anakaribia miaka 40 na hajifichi, hicho nacho ni kichekesho). Xiaoling tangu utotoni ni wa kumwaibisha mama. Shule hamna kitu, nguo zinachanika, mama anaitwa na mwalimu kila mara. Siku moja analeta barua ya kukubaliwa chuo. Mama anafanya sherehe, anaalika watu, akiwemo Wang Qin, hasimu wake tangu ujanani ambaye binti yake ana pesa huko ng'ambo. Katikati ya sherehe inajulikana kwamba barua ni ya kufoji. Mama hamchapi, hamtukani. Wanarudi nyumbani kwa baiskeli wakiongea, binti anaahidi ipo siku atamfanya mama ajivune, na hapo ndipo ajali inatokea.

Hospitalini, analia pembeni ya kitanda, anajikuta amerudi 1981. Anadondoka kutoka angani na kumwangukia mtu, na huyo mtu ni mama yake, msichana wa kiwandani, mcheshi, nywele mikia miwili. Dunia inaanza bila rangi, kisha rangi zinajaa taratibu. Xiaoling anajitambulisha kama ndugu wa kutoka mbali na anajipa kazi moja: mama huyu lazima awe na furaha, kwa gharama yoyote.

Kwanza runinga. China ya wakati ule hela pekee haikutosha kununua runinga, ulihitaji na kuponi, na aliyeipata wa kwanza kiwandani alikuwa mtu wa kusemwa. Xiaoling anahakikisha mama anaipata kabla ya Wang Qin. Halafu mpira wa wavu. Halafu linakuja kubwa: anaamua kumwoza mama yake kwa Shen Guanglin, mtoto wa meneja wa kiwanda. Anapanga tiketi za sinema, anapanga mtumbwi ziwani, na anayemsaidia ni mhuni mmoja anaitwa Leng Te. Shen Guanglin anaigizwa na mchekeshaji Shen Teng, na Shen Teng akisimama tu bila kufanya kitu Wachina wanacheka.

Hapa ndipo nataka tutulie, maana ndiyo sababu ya uzi huu. Mama akiolewa na mtoto wa meneja, Xiaoling hazaliwi. Binti anajua. Hakuna anayemwambia, muvi haisimamishi mambo kutufafanulia, na sisi tunaendelea kucheka mtumbwi unavyoyumba. Kumbe tunachokicheka ni mtoto anayehangaika kujifuta duniani ili mama yake apate mtoto mwingine, mwenye akili, asiyefoji barua. Sijaona komedi nyingine iliyoficha kitu kizito namna hii mbele ya macho ya watu.

Mama anakataa. Kimyakimya anakwenda kufunga ndoa na baba yake Xiaoling, mfanyakazi wa kawaida tu, na anakuja kumwonesha cheti. Wanakunywa pamoja usiku. Xiaoling, pombe imeshamkolea, anamuuliza je kama huyo binti utakayemzaa atakuwa hana maana? Mama anamjibu kwamba yeye anataka binti yake awe na afya na furaha tu.

Kisha kiraka. Xiaoling alifika 1981 na jinzi yenye matundu, mtindo wa vijana wa kwake. Mama akaona huyu ndugu masikini nguo zimemwishia, akamshonea. Tukio lile lilipita kama utani, ukumbi ukacheka, basi. Sasa Xiaoling anaitazama ile jinzi. Kiraka kimekatwa kwa umbo la mnyama, vilevile kama vile alivyoshonewa kwenye suruali zake zote za utotoni. Na mama aliwahi kumwambia kwamba kushona viraka alijifunza baada ya kumzaa yeye. Huyu msichana wa 1981 hajazaa. Kajulia wapi?

Anaanza kukimbia. Na wewe uliyeketi unaanza kurudisha muvi nzima kichwani: ule mwangalio, kule kukubali haraka ndugu asiyemjua, ile bidii ya kucheza kila mchezo binti aliopanga. Mama naye alikuja kutoka kulekule alikotoka binti. Alijua tangu mwanzo. Aliigiza ili mtoto afurahi, wakati mtoto naye anaigiza ili mama afurahi.

Nimemaliza upande wangu. Karibuni.

Kibarua wa Zamani:

Mkuu umenirudisha mbali. Mzee wangu alikuwa Urafiki pale Ubungo, kiwanda cha nguo tulichojengewa kwa msaada wa Wachina miaka ya sitini. Zile picha za vipaza sauti, watu wanatoka zamu kwa pamoja, kiwanda kina timu yake, ni maisha aliyokuwa akitusimulia. Swali: ile ni seti au kiwanda kweli?

Mpenzi Mtazamaji:

Kiwanda kweli, mzee. Walikwenda Xiangyang, mkoa wa Hubei, nyumbani kwao Jia Ling, wakapigia picha kwenye majengo ya kiwanda cha zamani cha Weidong. Ni mabaki ya mpango ulioanza 1964, China ilipohofia vita ikahamishia viwanda ndani ndani, milimani, mbali na pwani na mipaka. Ndani ya geti ulikuta nyumba, zahanati, shule, ukumbi wa sinema. Ulizaliwa humo, ukaolewa humo. Kwenye muvi wamekiita kiwanda cha kemikali cha Shengli. Baada ya muvi kutoka, watu wakaanza kufunga safari kwenda kupiga picha palepale.

Na hiyo geti ina maana kubwa kwenye hadithi. Aibu ya barua ya kufoji inauma kwa sababu wote walioalikwa ni watu wa geti moja, mtaonana kesho, keshokutwa, hadi kustaafu.

Dada Mkavu:

Leo mimi ndiye mchawi wa uzi. Niliiangalia, nikalia, nilipoizima nikakasirika.

Binti anarudi 1981 na kikubwa anachokiwaza kwa ajili ya mama yake ni mume mwenye cheo. Shule hakuiwaza. Mitihani ya kuingia chuo kikuu China ilirudishwa 1977 baada ya miaka kumi, vijana wa viwandani wakaikimbilia. Mbona hakumnunulia mama madaftari? Halafu mama naye, mmesema alijua kila kitu. Basi alikuwa na nafasi ya kujichagulia maisha mapya kabisa, akachagua yaleyale, ajali ikiwemo. Nasi tunapiga makofi. Mama bora wa kwenye muvi ni yule asiyetaka kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe. Wanawake wa China nao waliyasema haya, siyo mimi peke yangu.

Na nusu ya kwanza ni vichekesho vya jukwaani vilivyoshonwashonwa. Unaona kabisa hapa palikuwa mchezo mfupi, hapa wameongeza.

Mpenzi Mtazamaji:

Dada, la jukwaani nakubaliana nawe, mishono inaonekana. Lile onesho la Shen Guanglin na Xiaoling mbele ya wafanyakazi limekaa kama kipande cha tamasha la televisheni, linakula muda.

La shule ni zito. Ila angalia nani anasema nini. Anayeamini kwamba furaha ya mwanamke ni mume wa cheo na mtoto wa kujivunia ni Xiaoling, na muvi nzima inamcheka yeye. Mama ndiye anayekataa kuuziwa hiyo biashara. Halafu Jia Ling haandiki habari za akina mama kwa jumla. Anaandika ya Li Huanying, aliyefanya kazi kiwandani mpaka mwisho. Akimpa digrii anakuwa ametuandikia mwanamke mwingine.

Dada Mkavu:

Hapo ndipo tunapogongana. Huyo mama anayekataa kuuziwa ameandikwa na mtoto wake. Marehemu hakuulizwa. Mtoto aliyefiwa akijiandikia kwamba mama aliridhika na kila kitu, ni faraja kwake, namwelewa na wala simlaumu, lakini asituambie ndiyo sauti ya mama.

Kibarua wa Zamani:

Mh. Hiyo imeniingia.

Mtoto wa Hubei:

Wakuu, mimi nimesoma China na mwaka huo nilikuwepo. Kuna kitu hamjakigusa. Februari 2021 serikali iliwahimiza watu wasisafiri, kila mtu ale sikukuu palepale alipo kwa ajili ya korona. Miji mikubwa ambayo kawaida hubaki mitupu ikajaa vijana wasio na pa kwenda. Wengine walikuwa hawajawaona wazazi tangu mwaka juzi. Kumbi zilikuwa na masharti, viti nusu au robo tatu kutegemea na mji, na bei za tiketi zikapanda, lakini zilijaa. Sasa mchukue kijana ambaye hajaweza kwenda kwa mama yake, mketishe gizani, mwoneshe hii. Taa zilipowaka pale nilipoiangalia mimi, jamaa wa mbele yangu alikuwa tayari ana simu sikioni, anasema kwa sauti ya chini "Ma... Ma... hapana, mzima tu, nimekupigia tu."

Ingetoka mwaka wa kawaida, nadhani ingefanya vizuri. Bilioni tano sina uhakika.

Kuhusu vichekesho, mkitegemea maandishi ya tafsiri chini mnapoteza mengi. Zhang Xiaofei, aliyeigiza mama ujanani, ni mtu wa Liaoning, na Shen Teng wa Heilongjiang. Watu wa Kaskazini-Mashariki lafudhi yao peke yake ni kicheko kule, wamezoeleka kwenye vichekesho vya lile tamasha la CCTV, televisheni ya taifa, la mkesha wa mwaka mpya linalorushwa tangu 1983. Zhang Xiaofei alipewa Golden Rooster, tuzo kubwa ya filamu ya China, ya mwigizaji bora wa kike mwaka huohuo, na kwa haki. Rudieni kumtazama macho yake pale anapomwona binti kwa mara ya kwanza baada ya kuangukiwa. Ukishajua mwisho, sura ile inasomeka tofauti kabisa.

Shekhe wa Likoni:

Nyinyi nyote mwazungumza kulia tu humu. Mie nilicheka hadi mbavu zikauma kwa ile mechi ya wavu. Timu yenyewe kina mama wameokotwa ovyo, mmoja mpira waja yeye akimbia! Na kushinda hawakushinda, lakini meneja afurahi kama wamechukua kombe. Mambo gani hayo?

Mpenzi Mtazamaji:

Shekhe, wavu mwaka 1981 haukuwa mchezo tu kule. Novemba mwaka huo timu ya taifa ya wanawake ya China ilichukua Kombe la Dunia Japani, ubingwa wao wa kwanza wa dunia, na nchi nzima ikapagawa. Kwa hiyo mtazamaji wa Kichina mwenye umri wa kutosha kuwa bibi, akiona wasichana wa kiwandani na mpira wa wavu na tarehe ile, tayari ana kumbukumbu zake. Jia Ling hakuhitaji kueleza. Na amefanya vizuri kuwafanya wafungwe, maana wangeshinda ingekuwa muvi ya michezo.

Shekhe wa Likoni:

Haya nimeelewa. Nasikia Wamarekani wataka kuifanya upya?

Mpenzi Mtazamaji:

Machi 2021 ilitangazwa kwamba Columbia Pictures, ambayo ni ya Sony, wanaiandaa kwa Kiingereza, Jia Ling akiwemo kama mtayarishaji mtendaji. Mimi roho yangu nzito. Kiraka utakihamisha, hicho kinaeleweka popote penye mama na sindano. Lakini utaweka nini badala ya lile geti la kiwanda, watu wanaojuana mpaka idadi ya sufuria, runinga moja ambayo mtaa mzima unaijua ni ya nani? Mtu wa kitongoji cha Marekani mwenye runinga sebuleni na nyingine chumbani atamwonea wivu nani?

Mtoto wa Hubei:

Ongeza na hili: kwa muda Hi, Mom ndiyo iliyokuwa filamu yenye mapato makubwa kuliko zote duniani zilizoongozwa na mwanamke peke yake, mpaka Barbie ya Greta Gerwig ilipokuja 2023. Muvi ambayo karibu pesa zote zimetoka nchi moja.

Kibarua wa Zamani:

Huyo Jia Ling alitoa nyingine baada ya hapo?

Mpenzi Mtazamaji:

YOLO, Februari 2024, sikukuu ileile. Safari hii ametohoa filamu ya Kijapani ya 2014. Msichana aliyekaa tu nyumbani kwao bila kazi anaingia kwenye ndondi. Jia Ling alinenepa kwanza kwa ajili ya kazi, halafu akapunguza kama kilo 50, na mabadiliko yote ni mwili wake mwenyewe. Ikaingiza zaidi ya yuan bilioni 3.4. Kwa vicheko haifikii Hi, Mom, iko kavu zaidi. Dada Mkavu, hiyo kaitafute wewe hasa. Mwishoni mwanaume aliyekuwa mpenzi wake anarudi kumwomba watoke pamoja, naye msichana anamkwepa, anaendelea na mazoezi yake.

Dada Mkavu:

Naishusha usiku huu. Ikinikera nakuja kufungua uzi wangu.